Wavuvi wa Mtera wafunike samaki, si boti nzima

Samaki mbichi wa Mtera anayeuzwa Gulwe huwa amekwisha kupoteza thamani mara mbili kabla mama lishe hajamnunua. Mara ya kwanza ni ndani ya boti, jua linapopanda naye bado hajafika kambini. Mara ya pili ni barabarani, katika safari ya zaidi ya kilomita 90 kupitia Chipogoro na Kibakwe. Hasara ya barabarani hulalamikiwa na kila mtu. Hasara ya botini haitajwi sana, kwa sababu anayeisababisha amekwisha kuuza, na anayeipata hajui ilianzia wapi.

Kwa hiyo uamuzi wa tajiri wa boti kuhusu turubai hufika hadi kwenye sahani ya mlaji wa Gulwe, Mpwapwa na Dodoma mjini. Uamuzi huo hukosewa kwa namna mbili. Ama tajiri haweki chochote, samaki wakalala sakafuni mwa boti wakipigwa jua. Ama akipata fedha anataka kibanda kizima, chenye paa la kusimama mtu na mapazia pande zote, mfano wa boti za watalii za Unguja. Njia ya kwanza inaharibu mali. Njia ya pili inaweza kuua watu, na mali yenyewe haiokoi.

Kabla ya kuingia dukani yafaa kulielewa bwawa lenyewe. Mtera lilikamilika mwaka 1980 kwa ajili ya umeme, na uvuvi ulifuata nyuma kama mgeni. Likijaa, maji yake hutanda eneo la kilomita za mraba zipatazo 600, lakini sehemu kubwa si ya kina kirefu. Maji mapana yasiyo na kina, yakipigwa na upepo, hutoa mawimbi mafupi yanayofuatana upesi, na hayo humsumbua mwenye boti ndogo kuliko mawimbi marefu ya bahari. Isitoshe, kuna miti iliyokufia majini ilipozamishwa, na visiki vyake hunasa nyavu, kamba na chochote kinachoning'inia nje ya boti.

Kuhusu hali ya hewa, mkoa wa Dodoma hupata mvua kwa msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo mkavu, na upepo huo hukaza zaidi kuelekea Septemba na Oktoba. Hii ina maana kwamba adui wa mvuvi wa Mtera kwa zaidi ya nusu ya mwaka ni jua, wala si mvua. Mtu anayenunua kifuniko kwa kuiwazia mvua peke yake anatibu ugonjwa wa miezi michache kwa dawa inayomdhuru miezi yote.

Upepo una hesabu yake, na hesabu hiyo haina huruma. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao wavuvi wengi hawauiti dhoruba, husukuma kila mita moja ya mraba ya turubai lililosimama wima kwa nguvu ya takriban kilo 7. Ukipanda hadi kilomita 54 kwa saa, nguvu hiyo haiongezeki kwa nusu tu kama mtu angedhani. Inazidi mara mbili na kufika kilo 16 hivi, kwa kuwa nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Pazia la ubavuni lenye urefu wa mita 3 na kimo cha mita 1.2 ni mita za mraba 3.6. Katika upepo huo wa pili, pazia hilo linabeba karibu kilo 58. Ni sawa na kumpandisha mtu mzima juu ya paa na kumwambia aegemee upande mmoja, katika boti ambayo upana wake haufiki mita 2.

Boti ya wazi ya mbao haikuchongwa kwa ajili ya mzigo wa namna hiyo. Uthabiti wake unatokana na uzito kukaa chini: mashine, samaki, nyavu zilizolowa na watu waliokaa. Kila kilo inayopandishwa juu inapunguza uwezo wa boti kurudi sawa inapoinama. Nchi iliyopoteza mamia ya watu MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza Mei 1996 haihitaji kuelezwa upya habari za chombo kisicho na uthabiti, ingawa ni kweli kwamba meli na boti ya perege ni vitu viwili tofauti.

Mvua nayo ina ujanja wake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa bapa la mita za mraba 6 lililolegea katikati, likipigwa na mvua ya milimita 20, linaweza kukusanya lita 120, yaani kilo 120 zinazocheza juu ya vichwa vya wavuvi kila boti inapoyumba. Kifuniko chochote kisicho na mteremko ni beseni, na beseni halipaswi kuwekwa juu ya boti.

La mwisho katika hatari, na ndilo baya kuliko yote, ni mapazia. Boti ikipinduka, paa lililofungwa pande zote linageuka kuwa mgono: aliyemo haoni pa kutokea. Hata aliyevaa jaketi okozi, lile jaketi linambana juu, kwenye sakafu ya boti iliyogeuka kuwa dari, badala ya kumtoa nje. Vifaa viwili vilivyonunuliwa kwa nia njema vinaweza hivyo kufanya kazi moja mbaya. Tajiri anayeweka mapazia na kununua majaketi kwa wakati mmoja yafaa afikirie jambo hili kabla ya kujipongeza.

Sasa samaki. Wengi hudhani kwamba kadiri boti inavyozibwa ndivyo samaki anavyobaki baridi. Kwa Mtera mambo ni kinyume. Ndani ya kibanda cha turubai, jua likipiga juu na upepo ukizuiliwa pembeni, joto hupanda kuliko nje. Aliyewahi kulala ndani ya hema mchana wa Oktoba anajua. Hewa kavu ya uwanda wa kati, ambayo hupasua midomo na kukausha matope ya Kinyasungwe, ni mali kwa mvuvi akijua kuitumia. Gunia la katani lililoloweshwa maji ya bwawa, likatandazwa juu ya samaki chini ya kivuli, upepo ukapita, hupoa kwa jinsi maji yanavyokauka. Ni kanuni ileile ya mtungi wa udongo. Pwani, ambako hewa imeshiba unyevu, gunia hilo husaidia kidogo tu. Mtera na Gulwe, wakati wa kiangazi, linasaidia sana, na maji ya kuliloweshea yako chini ya boti, hayauzwi.

Masharti ya mbinu hiyo ni mawili: kivuli juu na upepo pembeni. Kibanda chenye mapazia kinatoa la kwanza na kunyang'anya la pili. Paa dogo la chini lililo wazi pembeni linatoa yote mawili.

Yafaa kukumbuka pia saa za kazi. Nyavu za kutega huwekwa jioni na kuvutwa alfajiri. Kuna samaki anayekufa wavuni usiku wa manane, na tangu hapo saa yake inahesabika. Katika joto la nchi za tropiki samaki asiyepozwa anaweza kuharibika ndani ya saa 12 hivi. Akifa saa nane ya usiku, akafika kambini saa nne asubuhi baada ya kuchomwa na jua kwa saa tatu, kisha akapakiwa garini, hakuna ufundi wa mchuuzi wa Gulwe unaoweza kumrudishia ubichi wake. Atakaangwa au atabanikwa, na bei yake haitakuwa ya samaki mbichi. Barafu ndiyo dawa kamili, hilo halibishaniwi, lakini gharama ya kuifikisha ndani ya boti ndogo inaeleweka. Hata palipo na barafu, kivuli kinaifanya idumu.

Kinachofaa kununuliwa, basi, ni kifuniko cha chini, chenye mteremko, kinachotolewa na kurudishwa, kikikaa juu ya sehemu ya samaki na kumtosha mtu aliyekaa kujikinga kichwa. Kwa boti ya mita 6 au 7, kipande cha mita 2 kwa mita 2.5 kinatosha. Kimo chake juu ya ukingo wa boti kisizidi kifua cha mtu aliyeketi. Mbele kubaki wazi kabisa, kwa kuwa nyavu huvutwa huko na hakuna nguzo isiyonaswa na wavu.

Katika vitambaa, maduka yana aina tatu hivi. Turubai jepesi la plastiki, mara nyingi la bluu, ndilo la bei nafuu, na jua la Dodoma hulila upesi. Linaanza kupauka, kisha linatoa nyuzi, kisha upepo mmoja unalimaliza. Anayelinunua kila msimu ajumlishe risiti zake za miaka mitatu ndipo aseme kama ni rahisi. Turubai la kanvasi ya pamba hupitisha hewa kidogo na kivuli chake ni baridi, ila likilowa huwa zito na likikunjwa bichi huota ukungu na kuoza. Turubai la malori, lile lililopakwa plastiki nzito, ndilo linalodumu. Uzito wake ni kama gramu 500 hadi 700 kwa mita ya mraba, hivyo kipande cha mita za mraba 5 ni kilo 3 na ushei, uzito ambao boti haiuhisi. Kwa kifuniko kidogo, na ukubwa ndio unaoamua bei, hili la mwisho ndilo la kununua, hata kama ni kipande kilichokatwa kutoka turubai la lori lililochakaa katikati na kubaki zima pembeni. Mafundi wanaoshona na kuziba maturubai ya malori wanaweza kulikata na kulipindia ukingo.

Rangi nayo ni fedha. Nyeupe au ya kijivu inayong'aa hurudisha jua. Bluu iliyokolea na nyeusi hulimeza na kulishusha kwa samaki. Asiyepata nyeupe anaweza kuweka tabaka mbili zilizoachana kiganja kimoja, hewa ipite katikati.

Kuhusu fremu, hapa ndipo wengi wanapotupa fedha na usalama kwa pamoja. Bomba la maji la chuma la inchi moja lina uzito wa karibu kilo 2.5 kwa mita. Mita 12 za fremu ni kilo 30, tena zote juu. Nondo iliyochomelewa huota kutu kwenye maungio na siku moja huchoma turubai au mkono. Mianzi iliyokomaa ni myepesi, inapatikana, na ikipasuka inabadilishwa bila fundi. Matao ya bomba la plastiki la maji nayo yanafaa, mradi yasiachwe juani miaka mingi. Fremu ichomekwe katika vishikizo vilivyofungwa kwenye mbavu za boti, isipigiliwe misumari kwenye ubao wa juu, ambao kazi yake si kubeba paa.

Kamba zifungwe kwa fundo la kuteguka, mvutano mmoja na turubai limelala. Waya wa kufungia haufai. Upepo unapogeuka ghafla, mwenye boti ana sekunde chache tu, na koleo haipatikani gizani.

Kuna sababu nyingine ya kutaka kifuniko kinachobebeka, nayo ni ya Mtera hasa. Maji ya bwawa hilo hupanda na kushuka kwa mahitaji ya umeme na kwa mvua za Ruaha Mkuu. Kati ya kiwango cha kujaa, mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo, mita 690, kuna tofauti ya mita 8.5. Kwenye ardhi bapa, mita chache za kushuka zinaukimbiza ukingo mbali, na kambi zinalazimika kuufuata. Boti yenye kibanda cha kudumu inakuwa nzito kusukumwa kwenye matope, na kibanda chenyewe kikiachwa juani mchana kutwa kinaisha bila kufanya kazi. Kifuniko cha kukunjwa huenda nyumbani na mwenyewe, ambako pia hakiibwi.

Wavuvi wenyewe wana hoja inayostahili kusikilizwa. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, mtu aliyelowa akipigwa na upepo hutetemeka hadi asubuhi, na kwake kibanda ni uhai. Ni kweli. Ila dawa ya baridi ni koti la mvua lililo mwilini na nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, vitu ambavyo havishiki upepo kama tanga. Tajiri asiyenunua makoti kisha akasema ameboresha mazingira ya kazi kwa paa la watalii amewapa wavuvi hatari badala ya joto. Boti pana za kukusanyia samaki, zisizovuta nyavu na zenye mzigo mzito chini, zinaweza kuvumilia paa kubwa zaidi. Hizo ni hesabu nyingine, na paa lake pia libaki wazi pembeni.

Nani alipe? Hapa pana ugomvi wa kimyakimya. Kwa desturi ya kambi nyingi, gharama za safari hutolewa kwanza katika mauzo, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri na wavuvi wake. Tajiri mjanja huingiza turubai katika gharama za safari pamoja na mafuta, na hivyo wavuvi humsaidia kununua mali itakayobaki yake hata wakiachishwa kazi kesho. Turubai halichomwi kama petroli. Ni kifaa cha boti kama mashine na nyavu, na halali yake ni kutoka katika fungu la tajiri. Kinyume chake, wavuvi wataliona kuwa la mtu mwingine, hawatalikunja vizuri, na gunia halitaloweshwa.

Lakini tajiri naye hatatoa fedha ikiwa soko halimlipi. Gulwe ni mahali pa njia panda: reli ya zamani, barabara ya Mpwapwa na ile ya Kibakwe, na sasa reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nayo inapita hapo. Walaji wapo. Tatizo ni kwamba samaki anayeuzwa kwa fungu au kwa ndoo hachaguliwi mmojammoja. Aliyekaa kivulini na aliyechomwa jua huingia ndoo moja kwa bei moja. Mnunuzi wa jumla anayelipa hivyo anamwadhibu mvuvi mwangalifu.

Ziwa Victoria lilipita njia hii kwa uchungu. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo kwa vipindi tofauti kwa sababu za afya, na biashara ya sangara ikayumba. Baada ya hapo usafi na barafu havikubaki maneno ya bwana samaki peke yake, kwani aliyekuwa na fedha mkononi ndiye aliyedai. Perege wa Mtera hana mnunuzi wa Ulaya. Anao wachuuzi wa Gulwe, na hao wanaweza kuanza na jambo dogo: kufungua ndoo, kutazama macho na mashavu ya samaki, kubonyeza nyama kwa kidole, na kulipa bei mbili badala ya moja. Barabara ya Kibakwe haiko mikononi mwao, wala mafuriko ya Kinyasungwe, yaliyokata hata reli kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Bei iko mikononi mwao.

Serikali ina nafasi yake. Usajili wa vyombo vya uvuvi na leseni upo chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC. Mkaguzi anayehesabu majaketi okozi angeweza pia kutazama juu kidogo na kuuliza paa lile limefungwa kwa nini na linateguliwaje. Swali hilo halihitaji bajeti.

Anayekwenda kwa fundi kabla pepo za Septemba hazijaanza achukue vipimo vya boti yake mwenyewe, si vya jirani, na apime akiwa ameketi. Aombe vitundu vya pete viwe karibukaribu, kila sentimita 40 au 50, kwa sababu turubai huchanikia pale pete zinapoachana mno. Na upande wa nyuma uachwe wazi nusu mita, ili anayeshika mashine aone visiki na maboya ya nyavu za wenzake.